Krismasi mjini Prague

Swali: Mimi na mke wangu tunataka kula Krismasi Prague. Je, tutakuta mji umefungwa?

Jibu: Sehemu tu. Wacheki husherehekea jioni ya tarehe 24, si 25. Siku hiyo maduka makubwa hufungwa mchana na hayafunguliwi hadi tarehe 27, kwa hiyo nunueni mahitaji mapema. Mlo wao mkuu wa Krismasi ni samaki aina ya kapu, ambaye siku za kuelekea sikukuu huuzwa mitaani akiwa hai, ndani ya matangi ya maji. Nendeni mkaone, hapo mtaiona Krismasi yao zaidi kuliko kwenye vibanda vya soko la Krismasi la Mji Mkongwe. Daraja la Charles, lililoanza kujengwa mwaka 1357, livukeni alfajiri, kabla watu hawajajaa. Bebeni koruna, fedha ya huko, na makoti mazito: jua huzama saa kumi.