Nafasi ya Lugha katika Utambuzi wa Ugonjwa wa Alzheimer

1.0 Utangulizi

Mwaka 1906, daktari Alois Alzheimer aliwasilisha mjini Tübingen, Ujerumani, matokeo ya uchunguzi wa ubongo wa Auguste Deter. Kabla ya kuutazama ubongo huo kwa hadubini, alikuwa amemhoji mgonjwa huyo mjini Frankfurt mwaka 1901: anaitwa nani, mumewe ni nani, anakula nini. Utambuzi wa ugonjwa huu, basi, ulianza kwa mazungumzo. Makala haya yanadai kwamba lugha ya utambuzi isipoteuliwa vyema, mzee mwenye akili timamu huweza kuitwa mgonjwa, na mgonjwa wa kweli akaachwa bila msaada.

2.0 Hatua za Utambuzi

Daktari huanza kwa kumhoji mgonjwa na jamaa wanaoishi naye. Damu hupimwa ili kubaini hali nyingine zinazovuruga kumbukumbu, kama vile upungufu wa vitamini B12, hitilafu za tezi ya shingo, kaswende na VVU; baadhi ya hali hizo hutibika. Picha ya ubongo huonyesha iwapo kuna uvimbe au athari za kiharusi. Aidha, mgonjwa hupewa majaribio ya kumbukumbu na fikra. Hapa ndipo penye utata.

3.0 Tatizo la Tafsiri

Jaribio moja mashuhuri lililotungwa kwa Kiingereza humtaka mtu achore saa ambayo mkono wake mfupi umepita kidogo tarakimu 11 na mrefu uko kwenye 2. Mfasiri akiandika "saa kumi na moja na dakika kumi", mzee wa Lamu ataelekeza mkono mfupi kwenye 5, naye atakuwa sahihi kabisa. Tafsiri sahihi ni "saa tano na dakika kumi". Hata hivyo, neno "tano" lenyewe laweza kumvuta msikilizaji kwenye tarakimu 5, mtego ambao haumo katika Kiingereza.

Jaribio jingine hudai maneno yanayoanza kwa herufi F. Katika Kiswahili, viambishi vya ngeli hufanya nomino nyingi zianze kwa M, huku F ikiwa na chache. Isitoshe, asiyesoma hajui herufi. Vilevile, anayeulizwa majira akajibu "kusi" hajapotea, ila mtahini asiye mwenyeji wa pwani huenda asimwelewe.

4.0 Tiba

Hadi sasa hakuna dawa inayouponya ugonjwa huu. Donepezili, rivastigmini na galantamini husaidia kuhifadhi kemikali inayowezesha seli za ubongo kuwasiliana. Memantini hutumiwa ugonjwa unapokomaa. Marekani iliidhinisha kikamilifu lekanemabu mwaka 2023 na donanemabu mwaka 2024. Dawa hizi huondoa protini ya amiloidi na kupunguza kasi ya ugonjwa kwa kiasi, lakini katika hatua za mwanzo tu, na zaweza kusababisha uvimbe au uvujaji wa damu ubongoni. Kwa wengi, nguzo ya tiba ni matunzo: ratiba isiyobadilikabadilika, mazingira salama, na mapumziko kwa anayemtunza mgonjwa.

5.0 Hitimisho

Katika Kaunti za Kilifi na Kisii, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Mzee anayetangatanga usiku akisema maneno yasiyoeleweka ni rahisi kushukiwa, hasa pale ambapo hali yake haina jina ila "kurogwa" au "uzee". Ni wajibu wetu wanafunzi wa Kiswahili kushirikiana na matabibu: tusanifu istilahi, na majaribio yatungwe upya kwa Kiswahili, kisha yapimwe kwanza kwa wazee wenye afya. Penye jina la ugonjwa, shutuma hupungua.