Kuza fuwele ya shabu, ujifunze mimumunyo

Mwanafunzi anayeanza mada ya yabisi na mimumunyo, kabla hajakariri fasili hata moja, na aende sokoni akanunue shabu. Ni ile ile ambayo vinyozi huipaka penye mkwaruzo ili damu isitoke, na ambayo watu huikorogea maji ya tope mpaka yatulie. Kikemia, shabu ya kawaida ni salfeti ya potasiamu na alumini, na ndani ya fuwele yake mna maji: molekuli 12 kwa kila ioni ya potasiamu. Katika gramu 100 za shabu unayoiona kavu kabisa, gramu 45 hivi ni maji. Liandike hilo kwenye daftari, maana utalihitaji muda si mrefu.

Wengi hukimbilia kutundika uzi kwenye chupa. Anza na grafu ya umumunyikaji, kwani ndiyo itakayokuamulia kila hatua inayofuata. Saga shabu, kisha pima gramu 3, 4, 5 na 6, kila kipimo kwenye neli yake ya majaribio yenye mililita 10 za maji. Pasha neli moja ndani ya bika la maji ya moto mpaka kilichomo kimumunyike chote. Itoe, weka kipimajoto, koroga polepole, na uiangalie kwenye mwanga. Chembe za kwanza zikimetameta, soma jotoridi.

Hapo ndipo ilipo kemia yenyewe. Mmumunyo huweza kupoa ukapita kiwango chake cha kushiba bila kutoa hata chembe moja, kwa sababu ioni hazijapata mahali pa kuanzia kujipanga. Kwa hiyo namba uliyoisoma huenda iko chini kuliko ilivyo kweli. Irudishe neli kwenye maji ya moto, ipashe taratibu, na uandike jotoridi ambapo chembe ya mwisho inatoweka. Ukweli uko kati ya namba hizo mbili, na zikiachana sana, rudia kwa kupoza polepole zaidi.

Kwa nini usivukize tu mmumunyo ukauke, ukapima kilichobaki? Kwa chumvi ya mezani, fanya hivyo bila wasiwasi. Shabu itakudanganya: ukiipasha hadi ikauke, inaanza kupoteza yale maji yake 12, nawe hutajua umepima nini.

Grafu ikishachorwa, itazame vizuri. Katika nyuzi 20 za Selsiasi, mililita 100 za maji hubeba gramu 14 hivi za shabu; katika nyuzi 50, hubeba karibu 37. Poza mmumunyo ulioshiba kutoka 50 hadi 20, na gramu 23 hivi hazina pa kukaa ila kutoka. Sasa linganisha na chumvi ya mezani: gramu 36 katika nyuzi 20, na 39 tu katika nyuzi 100. Ukiipoza utangoja bure. Ndiyo maana watu wa chumvi hupunguza maji yenyewe: pwani huyaanika juani kwenye mabwawa, na Uvinza, mkoani Kigoma, kwa karne nyingi wamechemsha maji ya chemchemi. Bahari ina chumvi gramu 35 hivi kwa kila kilo ya maji yake, kwa hiyo lazima maji yapungue hadi karibu sehemu moja ya kumi ndipo chumvi ya kula ianze kushuka. Jasi hutangulia. Kloridi ya magnesi hubaki mwisho kwenye maji machungu, nayo ikiachwa ikaukie humo, chumvi yako itanyonya unyevu wa hewa na kulowa kila siku.

Chokaa nayo huenda kinyume: maji yakipata moto, humumunyika kidogo zaidi. Chemsha maji ya chokaa yaliyoshiba na kuchujwa, uone yanavyoingia ukungu. Anayesema joto huongeza umumunyikaji wa kila yabisi hajawahi kufanya jaribio hili.

Kwenye mtihani, tazama kipimo. Gramu 36 za chumvi katika gramu 100 za maji ni gramu 36 katika gramu 136 za mmumunyo, yaani asilimia 26 na ushee. Alama nyingi hupotea hapo.

Sasa fuwele. Tengeneza mmumunyo wa moto ulioshiba, uchuje, uuache upoe usiku kucha ndani ya sahani. Asubuhi chagua chembe moja yenye pande safi, uifunge kwa uzi mwembamba wa nailoni. Mimina mmumunyo wa sahani kwenye chupa safi bila yale mashapo, tundika mbegu yako katikati, funika kwa karatasi isiyozuia hewa. Mbegu ikiyeyuka, mmumunyo haukuwa umeshiba. Ongeza shabu, pasha, poza, anza tena. Ikiwa chini pamejaa vichembe, umepoza haraka au vumbi limeingia: vichembe hivyo vinakula chakula cha mbegu, kwa hiyo itoe, uchuje, uirudishe. Weka chupa mahali ambapo jua la mchana haliingii, kwani joto la saa chache huweza kuyeyusha kilichokua kwa siku mbili. Ikienda vizuri utapata umbo la pande nane, kila upande pembetatu.

Ukiitoa, ifute kwa karatasi laini, kisha uipake polishi ya kucha isiyo na rangi, la sivyo hewa kavu itaipunguzia maji na uso wake utafifia. Usiikaushe kwenye oveni. Ikifika nyuzi 92 hivi, itayeyuka ndani ya maji yake yenyewe.