"Mfumo Unasumbua" Si Jibu

Mkulima wa Kaisho au Murongo, hapa Kyerwa, anayefuata huduma mjini, akifika dirishani akaambiwa "mfumo unasumbua, rudi wiki ijayo", hana la kufanya ila kutafuta bodaboda ya kumrudisha. Nauli imekwenda, siku imekwenda, na hana hata karatasi ya kuonyesha kwamba alifika. Hasara hiyo huanzia kwenye dhana kwamba kompyuta ndiyo iliyokataa. Mbele ya sheria, kompyuta haikatai mtu. Anayekataa ni ofisi.

Sheria ya Serikali Mtandao, Na. 10 ya 2019, ndiyo iliyounda Mamlaka ya Serikali Mtandao na kuzipa taasisi za umma wajibu wa kutumia TEHAMA kwa utaratibu mmoja. Haikumpunguzia mwananchi haki aliyokuwa nayo wakati wa mafaili ya karatasi. Katiba, ibara ya 13(6)(a), bado inataka mtu asikilizwe kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa, na apewe nafasi ya kukata rufaa.

Basi ukinyimwa huduma, omba sababu kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Bibi asiyejua kuandika hazuiwi: anaeleza kwa mdomo, afisa anaandika, na bibi anapewa nakala. Barua yako iwe fupi: jina, tarehe uliyofika, huduma uliyofuata, ulichojibiwa. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, uondoke nayo. Muhuri huo una nguvu kuliko kelele za dirishani.

Suala la kitambulisho cha taifa linahitaji maneno zaidi, maana sisi ni watu wa mpakani. Kyerwa inapakana na Uganda na Rwanda, na kwenye usajili wa NIDA maafisa wa Uhamiaji hushiriki kuhakiki uraia. Kuhojiwa si kosa, na kusema Kinyambo si ushahidi kwamba wewe ni mgeni. Nenda na ulichonacho: cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo au cha shule, vitambulisho vya wazazi, barua ya serikali ya kijiji. Ombi likikwama, uliza limekwama hatua gani na kinakosekana nini. Kitambulisho cha kwanza hutolewa bure. Anayekuomba "ya soda" ili jina lipite anaomba rushwa. TAKUKURU wanapokea simu bila malipo kwa namba 113.

Malipo halali ya serikali huja na kontroo namba. Lipa kwa namba hiyo, kwenye simu, benki au kwa wakala, kisha utunze ujumbe wa uthibitisho. Usimtumie afisa fedha kwenye simu yake binafsi hata akikuahidi kukulipia. Na mtu asikutishe kwamba ujumbe wa simu si risiti: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inasema ushahidi haukataliwi mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki.

Sasa tuje steshenari. Huko ndiko serikali mtandao yetu inakoishi hasa: mkopo wa chuo, maombi ya ajira, cheti cha RITA, vyote vinajazwa na kijana mwenye kompyuta ambaye nywila yako anaiandika kwenye daftari lake. Wengi wao ni waaminifu. Hata hivyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumikaje, kutaka zisahihishwe zikikosewa, na kudai fidia ukidhurika. Inakwenda mbali zaidi: unaweza kupinga uamuzi mzito juu yako uliofanywa na mashine peke yake, na kutaka uangaliwe upya. Kwa hiyo "mfumo umekukataa" nalo si neno la mwisho. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kabla hujatoka steshenari, badilisha nywila mwenyewe na uhakikishe nakala za vyeti vyako zimefutwa.

Huna simu janja? Piga *152*00# kwenye simu yoyote. Huko kuna e-Mrejesho, ambako lalamiko lako huenda kwa taasisi husika. Na kama suala linahitaji mwanasheria na huna fedha, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwekwa kwa ajili yako. Anzia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako, Karagwe au Kyerwa, uulizie wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Nenda na ile nakala yenye muhuri.