Mafuta ya Kupikia na Saratani ya Matiti

Mdogo wangu uliyeko Kate, pole sana kwa msiba wa shangazi. Umeniuliza kama ukiacha mawese ukapikia alizeti tu, saratani ya matiti haitakupata. Hapana, hakuna mafuta yenye kinga ya namna hiyo. Lakini swali lako ni zito, na limeshachunguzwa hapa hapa nchini.

Kilimanjaro, watafiti waliwahoji wanawake 115 wenye saratani hiyo na wengine 230 wasio nayo, wa umri unaolingana na wilaya zilezile, kuhusu vyakula walivyozoea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Ulaji wa maziwa, siagi, nyama nyekundu na mafuta mengi uliendana na hatari kubwa zaidi. Cha kushangaza, ulaji wa samaki, maembe, mapapai na maparachichi nao uliendana hivyo hivyo! Usiyakimbie matunda wala samaki, mdogo wangu. Walipochambua mafuta yenyewe, waliona milo yote miwili ina uwiano unaofanana: mafuta laini, ya jamii ya alizeti, yalikuwa kidogo yakilinganishwa na yale yanayoganda. Kwa maoni yao, uwiano huo una uzito kuliko wingi wa mafuta.

Hata hivyo, kumuuliza mgonjwa alikula nini hakuthibitishi kilichomuuguza. Kule Marekani, utafiti wa wanawake karibu 49,000 uliwapa baadhi yao mlo wenye mafuta kidogo kwa miaka ipatayo 8. Majibu ya mwaka 2006 hayakuonyesha wazi kwamba saratani ya matiti ilipungua.

Basi pikia alizeti yako, na mawese yawe ya mara moja moja, maana karibu nusu yake ni mafuta ya kuganda. Kula karanga, maharage, migebuka na dagaa wa Kirando. Moyo wako utanufaika, hilo sina wasiwasi nalo.

Kwa matiti, yapo yenye ushahidi mzito zaidi. Pombe huongeza hatari, hata ikiwa kidogo, na ya ulezi ni pombe vilevile. Unene baada ya kukoma hedhi nao huongeza. Kunyonyesha hupunguza: kila miezi 12 ya kunyonyesha hushusha hatari kwa takriban asilimia 4.

Tena, wengi hudhani ugonjwa wa upande wa baba hauwahusu. Unawahusu, kwa sababu hata baba hurithisha. Waulize wazee shangazi aliugua akiwa na umri gani, na kama kuna mwingine katika ukoo aliyeugua, kisha mweleze daktari.

Ukigusa uvimbe kwenye titi au kwapani, hata kama hauumi, ukiona chuchu imeingia ndani au inatoa damu, au ngozi ina vishimo vishimo kama ganda la chungwa, nenda kituo cha afya wiki hiyo hiyo. Omba rufaa ya kwenda hospitali ya Namanyere au Sumbawanga. Usisubiri mavuno yaishe, wala usianze na dawa za kupaka. Nakuomba, mdogo wangu, nenda mapema.