Ufunguo Mwekundu Kwanza
Kijitabu cha elimu kwa mlaji anayenunua vifaa vya kupunguza mwili kwa mara ya kwanza

Tumeandika kijitabu hiki kwa sababu malalamiko yamezidi. Watu wanakuja na mashine za kukimbilia zilizogoma baada ya wiki chache, mikanda ya tumbo isiyopunguza chochote, na namba za wauzaji wasiopokea tena simu. Hayo yanaumiza mfuko, na tunayafuatilia. Lakini kuna linalotutia hofu kuliko hayo yote, nalo ni mkono wa mtoto mdogo ulioburutwa chini ya mkanda wa mashine sebuleni, mama akiwa jikoni. Hilo ndilo tutakalolirudia humu hadi msomaji achoke.

Tunajua wengi hawaziamini ofisi za walaji kama hii yetu. Basi fahamu kwamba sisi hatuuzi mashine, hatuna jimu, na hatupati kamisheni kwa duka lolote. Usichukue neno letu hivi hivi. Soma, kisha nenda ukajaribu mwenyewe dukani. Karibu kila tunachokisema hapa unaweza kukipima kwa mikono na macho yako bila kumwita fundi.

Ufunguo wenyewe ni upi?

Kila mashine ya kukimbilia ya umeme iliyotengenezwa vizuri huja na ufunguo wa usalama. Mara nyingi ni kipande cha plastiki chekundu, kidogo kuliko kiberiti, kinachokaa chini ya kioo cha namba. Ndani yake mna sumaku, au kina ncha inayochomekwa kwenye tundu. Kimefungwa kamba, na mwisho wa kamba kuna kibanio kama cha kuanikia nguo. Kibanio hicho hubanwa kwenye fulana au kwenye mkanda wa suruali ya anayekimbia. Ukiteleza ukarudi nyuma, kamba inavutika, ufunguo unachomoka, na mota inakatika. Kazi yake ni hiyo tu. Ufunguo ukichomolewa, mashine haiwaki.

Wanaonunua mara ya kwanza huuona kama pambo. Wauzaji wa mashine zilizotumika huuona kama kero, kwa sababu mashine nyingi huwafikia bila huo ufunguo. Wanachofanya wengi ni kubandika kipande cha sumaku, pengine kilichong'olewa kwenye spika mbovu, mahali pa ufunguo, na kukizungushia selotepu nyeusi. Mashine inawaka, mteja anafurahi, pesa zinatolewa. Mteja haambiwi kwamba mashine hiyo sasa haina njia ya kusimama yenyewe mtu akianguka, na kwamba mtoto yeyote anayefikia kitufe anaweza kuiwasha.

Ukiona selotepu mahali pa ufunguo, usinunue. Ukiambiwa ufunguo umesahaulika stoo, subiri uletwe. Ukiambiwa sumaku yoyote inafaa, ondoka.

Jaribio la dukani ni rahisi, na muuzaji mwaminifu hatakukatalia. Simama juu ya zile kingo mbili za pembeni, si juu ya mkanda. Washa mashine kwa mwendo wa chini kabisa, kisha vuta kamba. Mkanda lazima usimame. Bonyeza kitufe cha kuwasha wakati ufunguo uko mkononi mwako. Mashine lazima igome. Sasa rudisha ufunguo mahali pake. Mkanda haupaswi kuanza kutembea wenyewe. Ni lazima usubiri kuamriwa upya. Mashine ikishindwa lolote kati ya haya, haifai, hata kama rangi yake inang'aa na bei imeshushwa nusu.

Kwa nini tunasisitiza habari ya watoto

Mtoto anayetambaa, au ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea, huvutwa na kitu kinachokwenda. Hutokea nyuma ya mashine, mahali ambapo anayekimbia hana macho, na kuweka kiganja pale mkanda unapoingia chini. Mkanda hauna makali, lakini msuguano wake unachoma. Ngozi ya kiganja cha mtoto ni nyembamba, na mkono ukinasa kati ya mkanda na fremu, mkanda unaendelea kusugua mahali pale pale. Madaktari wa upasuaji katika nchi ambako mashine hizi zimeenea majumbani, kama Marekani, Uingereza na Australia, wameandika mara nyingi juu ya majeraha haya. Baadhi ya watoto hulazimika kupandikizwa ngozi, na wapo ambao vidole hubaki vimejikunja.

Wala usidhani ni tatizo la mashine za bei rahisi. Mwezi Aprili 2021, Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani iliwaonya watu waache kutumia Tread+ ya kampuni ya Peloton, mashine ya gharama kubwa sana, pale palipo na watoto au wanyama. Kampuni ilipinga onyo hilo hadharani. Haukupita mwezi, Mei 2021, ikakubali kuzirudisha mashine zipatazo 125,000. Zilikuwa zimeripotiwa ajali 72 za watu wazima, watoto, wanyama wa nyumbani au vitu kuvutwa chini ya mashine kwa nyuma, na mtoto wa miaka sita alikuwa amefariki. Mwaka 2023 kampuni ilikubali kulipa faini ya zaidi ya dola milioni 19. Kama mashine ya watu wenye fedha, kutoka kampuni yenye wahandisi wake, iliweza kufanya hivyo, ile iliyofungwa sumaku kwa selotepu inahitaji uangalizi wa namna gani?

Kwa hiyo sheria ya nyumbani iwe hii, na isivunjwe na yeyote, awe baba, awe dada wa kazi, awe mgeni. Ukimaliza mazoezi, chomoa ufunguo uuweke juu ya kabati au ndani ya droo inayofungwa. Usiuache ukining'inia kwenye mashine. Zima swichi ya ukutani. Mashine ikiwa inatembea, mtoto asiwe ndani ya chumba hicho. Nyuma ya mashine acha nafasi ya mita mbili iliyo wazi, bila ukuta, bila kochi, bila meza ya vioo, maana mtu mzima akirushwa nyuma akakuta ukuta, hunaswa kati ya ukuta na mkanda unaoendelea kwenda. Sebule nyingi hazina nafasi hiyo. Kama yako haina, usinunue mashine ya kukimbilia. Tunarudia: kama huna mita mbili, usinunue.

Baiskeli ya mazoezi nayo si salama kwa vidole vya mtoto. Zile zenye gurudumu zito la chuma mbele huendelea kuzungusha pedali hata ukiacha kukanyaga. Chagua ambayo mnyororo na gurudumu vimefunikwa kabisa, yenye kitasa cha breki kinachosimamisha gurudumu papo hapo.

Mtoto akiumia

Chomoa umeme kwanza. Usiuvute mkono kwa nguvu ukiwa bado umenasa. Rudisha mkanda nyuma taratibu kwa mikono hadi mkono uachie. Kisha weka jeraha chini ya maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida na si ya barafu, kwa dakika 20. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba. Usipake dawa ya meno, asali, yai bichi wala majivu. Funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama mtoto ameacha kulia. Jeraha la msuguano huonekana dogo siku ya kwanza kuliko lilivyo.

Sasa, ununue nini?

Wengi wangependa tuanzie hapa. Tumelipeleka nyuma makusudi.

Hakuna mashine inayopunguza mwili yenyewe. Mtu wa kilo 80 akitembea kwa kasi ya kilomita tano kwa saa, kwa nusu saa, anatumia takribani kalori 140. Chapati moja ya kukaanga kwa mafuta mara nyingi inapita hapo. Namba ya kalori inayowaka kwenye kioo cha mashine ni makadirio, na mara nyingi huwa juu kuliko ukweli. Hatusemi hivi kukukatisha tamaa, bali usije ukauza kiwanja ununue mashine ukitegemea ifanye kazi ya sahani yako. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawataka watu wazima wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na siku mbili au zaidi za kutumia nguvu za misuli. Kutembea barabarani kunahesabika. Kwa anayeanza, viatu vizuri na mpira wa kuvuta vinaweza kumtosha miezi mingi, na havina mkanda wa kumnasa mtoto.

Ukiamua kununua mashine, kabla ya kuuliza bei tafuta kibao kidogo cha maandishi, kwa kawaida kwenye fremu ya mbele au chini. Hapo ndipo ulipoandikwa uzito wa juu wa mtumiaji. Mashine nyingi nyepesi za nyumbani zimetengenezewa mtu asiyezidi kilo 100 au 110. Ajabu ni kwamba zinauzwa zaidi kwa wale wanaotaka kupungua, ambao wengi wamepita hapo. Ukiwa na kilo 105, mashine ya kilo 100 italia, mkanda utakwama chini ya mguu, mota itanuka, na muuzaji atasema umeitumia vibaya. Chagua inayobeba angalau kilo 20 zaidi ya uzito wako wa leo.

Anayeumwa magoti ni afadhali aanze na baiskeli, hasa ile yenye kiti cha kuegemea. Kamba ya kuruka ni rahisi, lakini mtu mzito anayeanza huumiza visigino na magoti nayo. Aiache hadi atakapopungua. Dambeli za kilo mbili hadi tano zinatosha mwanzo. Wenye presha, sukari, maradhi ya moyo, na wajawazito, wamwone daktari kabla ya kuanza.

Jasho si mafuta

Maduka mengi huuza suti za nailoni na mikanda ya kufunga tumboni, kwa ahadi kwamba ukitoka jasho jingi kitambi kinayeyuka. Kinachotoka ni maji, na ukinywa glasi mbili yanarudi. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walifariki ndani ya wiki chache wakijipunguza uzito kwa mazoezi makali, wakiwa wamevaa mavazi yasiyopitisha jasho mahali penye joto. Chama cha michezo ya vyuo cha huko kiliyapiga marufuku mavazi hayo muda mfupi baadaye. Hao walikuwa vijana, tena wanariadha. Anayevaa suti hiyo Dar es Salaam mwezi Februari, ana miaka 45 na hajakimbia tangu shule, anajiweka kwenye hatari kubwa zaidi. Mkanda wa kutetemesha tumbo nao hauchagui mafuta ya kutoa; mwili hupungua kwa mpangilio wake.

Mashine za mtumba na umeme

Umeme wetu Tanzania ni volti 230. Mashine iliyotoka Marekani imetengenezewa volti 120, na ya Japani volti 100. Kubadilisha plagi hakubadilishi volti. Tunarudia, kwa sababu hili nalo linapuuzwa: adapta ya plagi haibadilishi volti. Ukiichomeka mashine hiyo, kadi ya umeme ndani inaungua, wakati mwingine kwa moshi. Soma kibao, kama hakipo au kimekwanguliwa, usinunue. Mashine ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani yenye waya wa ardhi, si kwenye ekstensheni inayobeba na friji. Ukiwa unakimbia na umeme wa LUKU ukaisha, mkanda unaweza kukusimamia ghafla mguuni. Wakati wowote mikono iwe karibu na vyuma vya kushikia, na ufunguo uwe umebanwa kwenye nguo.

Risiti na malalamiko

Ofisi hii inajivunia kwamba mlaji mwenye karatasi zake hatoki kwetu bila msaada. Asiye nazo hutupa kazi ngumu. Dai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa na modeli, si neno “vifaa”. Garantii iandikwe na kupigwa muhuri. Bango la “bidhaa ikishauzwa hairudishwi” halifuti haki yako kwa bidhaa mbovu uliyouziwa na mfanyabiashara. Mauzo kati ya watu binafsi, bidhaa za mnada na zilizouzwa kama vipuri zina masharti mengine. Uliza kabla ya kulipa. Mashaka ya ubora wa bidhaa yapelekwe Shirika la Viwango Tanzania, na ya matangazo ya uongo au bidhaa bandia yapelekwe Tume ya Ushindani.

Unapokuja kulalamika, leta risiti, picha ya kibao cha maandishi, picha ya mahali pa ufunguo kama ulivyopakuta, na ufunguo wenyewe kama ulipewa. Mashine iliyomuumiza mtu isiuzwe, isigawiwe ndugu, wala isipelekwe kwa fundi kabla haijakaguliwa. Ichomolewe ukutani, igeuziwe ukuta upande wa nyuma, na ufunguo wake ukabidhiwe mtu mzima mmoja wa nyumba hadi mkaguzi atakapofika.