DAWA AU MAZUNGUMZO? Somo juu ya matibabu ya akili



Somo letu la leo ni juu ya ugonjwa ambao kazini hatupendi kuutaja. Mwenzetu akivunjika mkono tunambeba mbio mpaka hospitali. Akiugua akili tunanong'ona, msimamizi anamwandika mvivu au mlevi, na baada ya muda nafasi yake inachukuliwa na mwingine. Mara nyingi kazi hupotea si kwa sababu ugonjwa haukuwa na tiba, bali kwa sababu mgonjwa na wenzake hawakujua waanzie wapi.

Tuanze na mifano mitatu. Watu hawa tumewatunga kwa ajili ya somo, lakini kila tawi litawatambua.

Wa kwanza ni mama anayepaki bidhaa kiwandani Nalukolongo. Mumewe alifariki miezi mitano iliyopita, na ndugu wa marehemu wanamgombania nyumba. Hamu ya chakula imemtoka, huamka saa tisa za usiku, haoni faida ya lolote. Kazini anafika, lakini hesabu ya makasha inamshinda.

Wa pili ni kijana mpakiaji wa mbao, Ndeeba. Kwa wiki tatu halali. Anasikia sauti zikimwita wala hakuna mtu, na anasema wenzake wametia sumu katika chai. Jana aliinua ubao ampige rafiki yake.

Wa tatu ni fundi wa mashine ya kupasulia mbao. Mwaka jana aliona msumeno ukikata vidole vya mwenzake. Tangu siku hiyo mashine ikiwashwa moyo humwenda mbio, usiku huiota damu ile, na kila jioni hunywa waragi ili apate usingizi. Asubuhi mikono humtetemeka mpaka anywe tena.

Wote watatu wanakaa upande wa Lubaga. Je, kila mmoja aende kwa nani?

MILANGO MIWILI

Mlango wa kwanza ni wa daktari wa magonjwa ya akili. Huyu amesomea udaktari kamili, kisha akaongeza masomo ya akili. Anaweza kupima mwili, kuandika dawa na kumlaza mgonjwa. Madaktari hawa ni wachache Uganda na wengi wao wako Kampala. Kwa hiyo mara nyingi utakayemwona kwanza ni afisa tabibu au muuguzi aliyefunzwa magonjwa ya akili. Usimdharau, hiyo ndiyo kazi yake.

Mlango wa pili ni wa mshauri au mtaalamu wa saikolojia. Huyu haandiki dawa. Anatibu kwa mazungumzo, lakini si mazungumzo ya kibarazani. Yana siku yake, saa yake, lengo lake na mwisho wake, na yanayosemwa hayatoki nje. Ushauri nasaha si jambo geni kwetu. Shirika la TASO lilianzishwa Uganda mwaka 1987, wakati dawa za kuzuia Ukimwi hazijapatikana, na ushauri ulikuwa sehemu kubwa ya msaada lililoutoa kwa wagonjwa na jamaa zao.

JE, MANENO YANATIBU KWELI?

Wengi huuliza hivi, na swali ni la haki. Jibu lilitafutwa hapa hapa Uganda. Mwaka 2002 watafiti walikwenda vijiji 30 vya Masaka na Rakai. Waliwakuta watu wenye ugonjwa wa huzuni, ambao siku hizi huitwa pia sonona. Wanavijiji wenyewe walikuwa na majina yake kwa Kiganda: okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, yaani kujihurumia. Dawa za kutosha kuwapa wote vijijini zilikuwa ghali na ngumu kufikisha.

Basi katika vijiji 15 yaliundwa makundi, ya wanaume mbali na ya wanawake mbali. Walikutana mara moja kwa wiki kwa dakika 90, wiki 16. Waongozaji hawakuwa madaktari, bali watu wa maeneo hayo waliofunzwa kwa wiki mbili. Walizungumza juu ya kifo cha mpendwa, ugomvi wa nyumbani na wa jirani, na mabadiliko yaliyovuruga maisha. Kila mmoja alisaidiwa kutafuta hatua moja ya kuchukua kabla ya wiki ijayo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Mwishoni, katika vijiji vilivyokuwa na makundi, karibu 7 katika kila 100 ndio waliobaki na ugonjwa huo. Katika vijiji ambavyo havikupata makundi, walibaki karibu 55 katika kila 100. Kwa hiyo, ndugu, mazungumzo yenye mpango ni tiba. Lakini angalia: waliotibiwa hivyo walikuwa wagonjwa wa huzuni. Hakuna aliyesema kwamba kundi la mazungumzo peke yake litanyamazisha sauti za yule kijana wa Ndeeba.

NAMNA YA KUCHAGUA

Anza na mlango wa daktari ikiwa mgonjwa:

1. Anasikia au kuona visivyokuwapo, au anaamini kwamba anawindwa na hashawishiki.

2. Halali siku kadhaa na bado ana nguvu nyingi, anasema bila kukoma, anagawa au kutapanya mshahara.

3. Anasema anataka kufa, au anatishia kuua. Usimwache peke yake hata kidogo. Ondoa kamba, visu na dawa za wadudu mahali alipo. Ninyi wa mashambani, stoo ya dawa ifungwe na ufunguo uwe na mtu.

4. Hali, hanywi, hainuki kitandani.

5. Amebadilika ghafula, kwa saa au siku chache, pamoja na homa, degedege au jeraha la kichwa, au baada ya kunyunyiza dawa shambani. Huenda huu si ugonjwa wa akili. Malaria kali huweza kuvuruga ubongo. Sumu ya dawa ya wadudu hutoa jasho na mate mengi na kumchanganya mtu. Mpelekeni hospitali yoyote iliyo karibu saa ile ile, na mchukue kopo la dawa lenye maandishi yake.

Anza na mlango wa mazungumzo ikiwa mgonjwa bado anajitambua, anajua lililo kweli na lisilo kweli, na mzigo wake una chanzo anachoweza kukitaja: msiba, ugomvi, ajali, kuachishwa kazi. Huzuni ya siku tatu si ugonjwa. Ikizidi wiki mbili, mfululizo, na kuharibu kazi, usingizi na chakula, tafuta msaada.

Na wako wanaohitaji milango yote miwili. Huzuni ikiwa nzito sana, dawa humwinua mtu, na mazungumzo humsaidia kusimama. Mshauri mwema akiona hali imezidi uwezo wake atakupeleka kwa daktari mwenyewe. Mshauri anayekuambia utupe dawa za daktari, mkimbie. Ukienda pia kwa kiongozi wa dini au mganga wa jadi, hilo ni lako; ila dawa usiache, na usikubali mtu yeyote amfunge mgonjwa minyororo au kumpiga.

UKIPEWA DAWA

Mwambie daktari kazi yako ni ipi: msumeno, lori, tanuri, zamu ya usiku. Baadhi ya dawa hizi huleta usingizi, na nyingine hukakamaza viungo au kutetemesha mikono. Shingo au macho yakivutwa upande, rudi hospitali upesi. Hali hiyo ina tiba. Dawa za huzuni huchukua wiki mbili mpaka nne, pengine zaidi, kabla ya kuonyesha nguvu yake. Usizikatize wiki ya kwanza kwa kuona hazifanyi kazi, wala usiziache ghafula siku unayojisikia vizuri. Muulize daktari kwanza.

PA KWENDA KUTOKA LUBAGA

Vituo vya afya vya serikali, kama Kitebi na Kawaala, ni mahali pa kuanzia. Tangu mwaka 2001 serikali ilifuta malipo katika vituo vyake na katika wodi za kawaida za hospitali zake, ingawa dawa hukosekana mara kwa mara. Uliza kama yupo mtaalamu wa akili, au uandikiwe barua ya kwenda Mulago au Butabika. Hospitali za misheni, kama ile ya Lubaga iliyoanzishwa mwaka 1899 na ile ya Mengo ya mwaka 1897, hutoza malipo. Uliza bei kabla ya kukaa kitini.

Butabika ilifunguliwa mwaka 1955, na jina lake limegeuzwa tusi mitaani. Tuliache tusi hilo. Wengi huenda pale asubuhi, huonwa, hupewa dawa na kurudi nyumbani siku ile ile. Pia ina sehemu ya kuwatibu waliotekwa na pombe. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 iliondoa sheria ya kikoloni ya mwaka 1938, nayo inatambua mgonjwa anayekwenda kutibiwa kwa hiari yake.

HAKI YAKO KAZINI

Kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, mfanyakazi aliyetimiza mwezi mmoja kazini akiugua hulipwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa kutokuwapo. Ugonjwa ukiendelea mpaka mwisho wa mwezi wa pili, mwajiri anaruhusiwa kukatisha mkataba, baada ya kutimiza masharti yake yote. Sheria haikutenga ugonjwa wa akili na mwingine. Lakini unatakiwa umjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo, na ulete cheti cha daktari akikitaka.

Hapo ndipo wengi huanguka. Anayejificha nyumbani wiki tano kwa aibu amepoteza siku bila tiba na bila cheti. Anayekwenda hospitali wiki ya kwanza ana muda na ana karatasi. Cheti kinatosha kusema kwamba huwezi kufanya kazi; huna haja ya kumsimulia msimamizi siri zako. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na siku hizi hata kazi humponyoka.

TURUDI KWA WENZETU WATATU

Mama wa Nalukolongo aanze na mazungumzo, hasa ya kundi kama lipo. Asipopata nafuu kwa wiki kadhaa, au akianza kutamani kufa, aonwe na daktari. Lakini mshauri hatamrudishia nyumba: hilo linataka mwanasheria, na wenzake wamsindikize.

Kijana wa Ndeeba apelekwe kwa daktari leo, na watu anaowaamini, bila kelele wala kamba. Dawa kwanza. Akitulia, yeye na jamaa zake wapewe mafunzo na ushauri ili ugonjwa usirudi bila kutambuliwa.

Fundi wa msumeno aanzie hospitali kwa sababu ya pombe. Anayetetemeka hivyo akiacha kunywa ghafula peke yake anaweza kupata degedege. Mwili ukitengemaa, mazungumzo yatamsaidia na ile ajali anayoiota. Na msumeno? Usio na kinga utamkata mwingine kesho, na woga wake utakuwa na haki. Huo hautibiwi na daktari wala mshauri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri aweke kinga, na kumdai aiweke ni kazi yetu sisi.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Mwenzenu wa mwisho kuacha kazi kwa "ulevi" au "uvivu", je, kuna aliyemuuliza analalaje?

2. Mapatano yenu na mwajiri yanatoa siku ngapi za ugonjwa? Yanazidi zile za sheria?

3. Mchagueni mwanamume mmoja na mwanamke mmoja wa kumsindikiza mgonjwa. Je, wanaweza kutunza siri?