Istilahi ya Mtandao na Ngano ya Mau Narok

Mkulima wa ngano wa Mau Narok huitambua kutu ya shina kwa madoa yake ya rangi ya matofali. Aina iitwayo Ug99, iliyobainika Uganda mwaka 1998, iliishinda jeni Sr31 iliyotegemewa na wazalishaji wengi wa mbegu. Tangu 2005 ngano ya mataifa mengi hujaribiwa dhidi yake huko Njoro.

Mara nyingi kinga haielezeki kwa jeni moja tu. Ndiyo sababu watafiti hutumia programu kama Cytoscape, iliyotangazwa mwaka 2003. Ndani yake kila protini ni kifundo na kila uhusiano ni uzi. Mtafiti hubofya kifundo, akaona majirani zake. Hulinganisha mtandao wa mmea wenye kinga na ule wa mmea dhaifu, akabakiza nyuzi zilizomo katika mmoja na kukosekana katika mwingine.

Neno “mtandao” humfanya msomaji awaze intaneti. Hata hivyo, lina uhusiano na kitenzi “kutanda”, kama ulivyo utando wa buibui, basi lafaa. “Kifundo” nacho ni bora kuliko “nodi”, ingawa wapo watakaokumbuka mguu! Ugumu umo katika uzi. Kuna uzi wa protini kugusana, na kuna wa jeni kuamuru nyingine, ambao huhitaji mshale. Zote zikiitwa “uhusiano”, afisa wa kilimo hataweza kumweleza mkulima kama jeni fulani huizuia kutu au huonekana tu pamoja nayo.